Namna ya Kukagua Gitaa la Besi Linalodaiwa Kuwa la Mwanamuziki Maarufu

Muuzaji akikuletea hapa Dodoma gitaa la besi la Fender na kudai kwamba liliwahi kupigwa na nyota wa roki wa Uingereza, mwache amalize hadithi yake, kisha uombe bisibisi. Jina la mmiliki wa zamani ndilo linalopandisha bei, na kwa sababu hiyo hukaguliwa mwisho, baada ya umri wa chombo chenyewe kuthibitika.

Legeza nyuzi, fungua skrubu nne zinazoshikilia shingo, kisha utazame kitako chake, ambako mara nyingi kiwanda kiliandika tarehe kwa penseli au kwa mhuri. Baada ya hapo fungua sahani inayobeba vidhibiti vya sauti na usome tarakimu zilizogongwa migongoni mwake. Namba 304 ni ya kiwanda cha Stackpole na 137 ni ya CTS. Zinazofuata ni mwaka na wiki, hivyo 304 6320 ni wiki ya 20 ya mwaka 1963. Gitaa haliwezi kukamilika kabla ya kifaa chake kutengenezwa, ingawa linaweza kuwa limeundwa miezi kadhaa baadaye. Niliwahi kufungua besi ya kwaya moja iliyosifiwa kuwa ya mwaka 1962, nikakuta 137 7411, na mazungumzo ya bei yakaishia hapo. Chunguza pia lehemu inayoshika nyaya za vidhibiti hivyo: ya zamani huwa imefifia, na ikiwa inang'aa, kuna mkono uliopita, kwa hiyo tarakimu hizo zitakueleza umri wa kidhibiti tu. Namba iliyo kwenye bamba la nyuma usiitegemee peke yake, kwani bamba hilo hubadilishwa kwa dakika chache.

Vipande mchanganyiko, hata hivyo, si lazima viwe kasoro. Besi ya John Entwistle, mpiga besi wa bendi ya Uingereza ya The Who, iliyoitwa Frankenstein iliungwa kwa mabaki ya besi nyingine zilizovunjika, nayo ina thamani kwa sababu asili yake inajulikana.

Umri ukishakubalika, tafuta picha za jukwaani zilizo angavu. Mistari ya mbao na madoa ya sahani ya plastiki inayokinga uso wa gitaa, yenye sura ya gamba la kobe, hayafanani kati ya gitaa moja na jingine, kwa hiyo yalinganishe doa kwa doa. Kwenye rangi nzito inayoficha mbao, fuata mikwaruzo, ukikumbuka kwamba kovu linaloonekana katika picha ya zamani haliwezi kukosekana leo isipokuwa gitaa limepakwa rangi upya. Sahihi iliyoandikwa kwa kalamu haithibitishi umiliki, maana wanamuziki husaini magitaa ya mashabiki kila siku.

Dai pia stakabadhi za kila aliyelimiliki, pamoja na nyaraka za forodha. Besi ya Höfner ambayo Paul McCartney wa bendi ya Beatles aliinunua Hamburg mwaka 1961 iliibwa London mwaka 1972, ikarudi kwake baada ya zaidi ya miaka 50. Mnunuzi asiyeuliza anaweza kujikuta ameshika mali ya mwenzake. Ikiwa ubao wa vidole ni wa Dalbergia nigra ya Brazili, ndugu wa mpingo wetu, fahamu kwamba tangu mwaka 1992 mti huo uko katika orodha kali zaidi ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na kuuvusha mpaka kunahitaji kibali.

Ukilinunua, lihifadhi ndani ya kasha lake pamoja na kipima unyevu, ukilenga asilimia 45 hadi 55, wala usiliache chumbani chini ya bati lisilo na dari. Ukipitisha kidole ubavuni mwa shingo mwezi Septemba na kuhisi ncha za freti, yaani vyuma vyembamba vilivyopachikwa kwenye ubao wa vidole, zikichoma, ubao umesinyaa kwa ukavu. Weka kashani sifongo yenye unyevu ndani ya kikopo kilichotobolewa, na usikimbilie kuzisugua ncha hizo kwa tupa, kwa kuwa mvua za Desemba zikianza mbao hutanuka tena.