Mkungu Hupangwa Kabla Haujaonekana

Mkulima anayesubiri mkungu uchungulie ndipo akimbilie samadi amechelewa. Idadi ya vichana imeshapangwa miezi miwili au mitatu nyuma, ndani ya mgomba.

Kinachoitwa shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana. Shina halisi ni tunguu lililo ardhini. Kiini cha kuotea kilicho juu ya tunguu hutoa majani 30 hadi 40 hivi, kutegemea aina na hali ya hewa, kisha hugeuka kutengeneza ua. Wakati huo majani kama 11 bado yamo ndani. Samadi, mbolea na maji vitangulie hatua hiyo.

Kipimo bora cha afya ya mgomba ni kasi ya kutoa majani. Tia alama ya rangi kwenye jani jipya kabisa, urudi baada ya wiki 4. Penye joto na maji ya kutosha utakuta majani mapya 3 au 4. Likiwa moja tu, tafuta sababu: baridi (chini ya nyuzi 16 majani karibu hayatoki), bungua (mdudu anayetoboa) kwenye tunguu, minyoo ya mizizi, au ukame. Ukame ndio unaowadanganya wengi, maana mgomba husimama kukua huku majani yangali mabichi. Jani kujikunja mchana wa jua kali si ajabu. Likiwa limejikunja asubuhi, udongo umekauka. Mizizi mingi imo katika sentimita 40 za juu, hivyo tandaza nyasi kavu, ila usizirundike kwenye shina, bungua hupenda kujificha hapo.

Kila kichaka cha migomba kibaki na mama (mgomba mkubwa), mtoto (chipukizi lake) na mjukuu (chipukizi dogo zaidi). Chagua chipukizi nene chini, lenye majani membamba kama upanga. Mengine yang'oe pamoja na kiini. Ukiyakata juu juu yatachipua tena.

Mkungu ukishatoka, hakuna jani jipya litakaloongezeka. Yaliyopo, angalau 8 mazima, ndiyo yatakayojaza vidole, kwa hiyo kukata majani mabichi ili kulisha mifugo ni kupunguza uzito wa mkungu. Ondoa yaliyokauka tu. Kichana cha mwisho kikishajitokeza, vunja ua dume, lile la nchani mwa mkungu, kwa kijiti chenye panda, si kwa kisu: kisu huhamisha mnyauko wa bakteria kutoka mgomba hadi mgomba.