Mziki safi kwenye Impreza WRX kwa laki saba: anza na mlango, sabufa baadae

Mwenye Subaru Impreza WRX za GD (kodi ya bodi), zile za 2000 mpaka 2007, anaijua hii shida vizuri. Redio imekuja na gari toka Japan, FM yake inaanza 76 inaishia 90, wakati huku kwetu stesheni zinakaa kati ya 87.5 na 108, kwaiyo unashika mbili tatu za mwanzo basi, labda ufungiwe kale kadude ka kuhamishia masafa ambako nako kanakoroma muda wote. Spika za milangoni ni za karatasi na zina umri wa kijana wa chuo. Alafu ukienda Kariakoo kuulizia, kitu cha kwanza unachoonyeshwa ni sabufa ya inchi 12 yenye taa.

Mimi naomba hiyo sabufa uiache kwanza. Gari ya spoti sio daladala na sio ukumbi, ina exosti inayoongea, ina springi ngumu zinazotikisa kila plastiki, na hizi GD vioo vya milango havina fremu juu kwaiyo upepo unaingia kelele ukifika 100 tu. Ukijaza besi kwenye buti juu ya hayo yote unapata kishindo, maneno ya wimbo husikii. Na uzito pia, mtu umenunua gari kwa sababu inakata kona alafu unaibebesha kilo arobaini nyuma ya ekseli, haiingii akilini. Mimi pesa yangu ya kwanza yote ilienda mbele, kwenye milango miwili, na mpaka leo sijajuta.

Bajeti yangu ilikua hivi: redio mpya ya DIN mbili (yenye kimo maradufu ya redio nyembamba) laki na themanini, spika za mbele za kutenganisha, yani inchi 6.5 na twita zake (vispika vya sauti nyembamba) na krosova zake (zinazogawa sauti kati yao), laki na nusu, amplifaya ya mtumba ya chaneli nne laki na nusu, waya na fyuzi elfu tisini, mati za milango na vibao vya kufungia spika elfu sabini. Jumla 640,000, hela iliyobaki ikaisha kwenye klipu, skrubu, tepu na nauli za kwenda na kurudi. Sikununua kwa siku moja, ilinichukua miezi minne na kila mwisho wa mwezi kitu kimoja, na kwa mpangilio huu kila kitu unachoongeza unakisikia siku hiyohiyo.

Kabla hujagusa waya wowote chomoa kichwa hasi cha betri usubiri dakika kumi hivi, kwa sababu ya eabegi. Plagi za njano, ndio za eabegi, ukiziona popote ziache kama zilivyo, usipime na multimita (kipima umeme), usikate. Ukirudisha betri injini inaweza kusailensa (kuunguruma bila kukanyaga mafuta) vibaya dakika chache mpaka kompyuta ijifunze upya, usipaniki.

Redio kwanza. Usidanganywe na maandishi ya wati 50 mara 4 yaliyoko kwenye boksi. Redio inapata kama volti 14.4 tu gari ikiwa inawaka, na kwa spika ya omu 4 hesabu inagoma kwenye wati 26 hivi hata kila kitu kiwe kamili, kwa uhalisia unapata chini ya hapo, 17 mpaka 20. Kwaiyo usilipie wati kwenye redio, lipia vitu hivi: FM inayofika 108, matundu ya RCA nyuma (ya kupeleka sauti kwenye amplifaya) yasiyopungua jozi mbili, kichujio cha HPF kinachozuia besi za chini, na kama ukiipata lipia ile sehemu ya kuchelewesha sauti ya kila spika, nitaieleza mbele. Kioo kikubwa cha kuangalia video sio lazima, mara nyingi redio nyembamba ya bei hiyohiyo toka kampuni inayojulikana ina sauti safi kuliko likioo lisilo na jina. Nunua na plagi ya Subaru ya kuunganishia, usikubali fundi akate soketi ya gari, siku ukitaka kurudisha ya zamani au ukiuza gari utalia. Waya za plagi lehemu kwa risasi au bana na viunganishi vyake, kuzungusha kwa vidole na kuviringisha solotepu kwa joto la Dar ile gundi inayeyuka mwaka haufiki.

Sasa mlango, hapa ndio utulie. Shusha kioo mpaka chini kabisa, pima kina toka bati la ndani mpaka kwenye kioo, ndio ujue spika ya kina gani itaingia bila kugongana nacho. Skrubu ziko nyuma ya kitasa na kwenye shimo la kuvutia mlango, ukizitoa zungusha kijiti cha plastiki pembeni klipu ziachie moja moja, alafu nyanyua paneli kwenda juu. Chomoa plagi ya swichi za vioo kabla hujaivuta mbali. Na kwenye GD kuwa makini, zile bolti zinazoshika reli ya kioo usizilegeze hata kidogo, kioo hakina fremu ya kukiongoza, ukipoteza pozi yake mvua na upepo vitakua vyako.

Ukitoa paneli utakuta nailoni na nyuma yake matundu makubwa. Hapo ndio sauti yako inapofia. Spika inatoa sauti mbele na nyuma, na ya nyuma iko kinyume cha ya mbele, zikikutana kupitia yale matundu besi inafutana yenyewe. Ndio maana mtu anafunga spika ya laki tatu kwenye mlango ulio wazi alafu anasema spika mbovu. Kazi ni mbili: bandika vipande vya mati ya butili (mpira mzito wa kunata) kwenye bati la nje, huna haja ya kulifunika lote, robo tu ya eneo katikati pale linapolia ukiligonga na kidole inatosha, alafu ziba matundu yote ya bati la ndani. Safisha na spiriti kwanza, bonyeza kwa nguvu. Mati za magari zikikushinda bei kuna tepu za kuzibia mapaa zenye karatasi ya alumini juu, zinafaa kabisa, ila hakikisha ni za butili sio za lami. Ya lami ukiinusa inanuka kama barabara mpya, na gari ikishinda juani inalainika na kuanguka ndani ya mlango. Na matundu madogo ya chini kabisa ya mlango usiyazibe, yale ni ya kutolea maji.

Kibao cha kufungia spika kina siri yake. Mafundi wengi wanakata MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa), ikiingia maji inavimba kama mkate kwenye chai. Mimi nilinunua vibao viwili vya plastiki nyeupe vya kukatia nyama jikoni, vile vizito vya unene wa milimita 12, nikachonga pete kwa msumeno, nikapiga msasa, nikaweka sponji nyembamba kati ya kibao na bati. Havioziki, havipasuki, na ni shilingi elfu chache. Spika ikikazwa kwenye kitu kigumu besi ya mlangoni inashangaza, jirani yangu alifungua buti akitafuta sabufa.

Kama spika ni za mtumba zijaribu kabla ya kulipa. Sukuma koni taratibu kwa vidole pande zote, ukisikia mkwaruzo acha. Pima na multimita, ya omu 4 itasoma kati ya 3.2 na 3.8 hivi. Na ukishafunga chukua betri ya 1.5 ya rimoti, gusisha chanya kwa chanya, koni itoke nje. Moja ikitoka na nyingine ikaingia umegeuza waya, na hilo peke yake linamaliza besi yote ya gari.

Amplifaya sasa. Usisome wati, soma fyuzi. Imeandikwa 3000 lakini fyuzi ni ya ampea 30? Zidisha 30 kwa 13.8 unapata wati 414 zinazoingia, na zinazotoka kwa amplifaya za kawaida ni kama nusu yake. Kwa milango unahitaji wati 50 za kweli kila spika, hata amp kuukuu ya Kijapani inakupa.

Waya wa umeme nunua shaba, geji 8 kwa amp ndogo, geji 4 (ndio nene zaidi) kama sabufa itakuja. Sokoni zimejaa waya nene za alumini zilizopakwa shaba juu, kwangua na kisu, ukiona nyeupe ndani sio yenyewe. Ukiwa huna jinsi chukua hiyo lakini panda saizi moja zaidi. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya, sio amp. Hili nalisema kwa uchungu, gari yangu ya kabla ya hii fundi mmoja alipitisha waya kwenye tundu la chuma bila mpira na bila fyuzi mbele, akaniambia fyuzi ya kwenye amp inatosha, miezi mitano baadae niko barabara ya Bagamoyo nasikia harufu ya plastiki, waya umejichuna kwenye chuma na unawaka toka betri moja kwa moja. Ile fyuzi ya amp ilikua nzima kabisa, maana shoti ilikua kabla ya kuifikia. Nilichomoa betri kwa mikono inayotetemeka.

Graundi, yani waya hasi wa amp unaokwenda kwenye bodi la gari, kwangua rangi mpaka uone chuma cheupe, kaza na bolti, waya mfupi. Waya za umeme zipite upande mmoja wa gari, za RCA upande mwingine, la sivyo utasikia alteneta inapiga mluzi unaopanda na mguu wako kwenye mafuta.

Kutega sauti usitege kwa kukisia. Chomoa spika kwenye amp, ekolaiza yote sifuri, redio weka robo tatu ya sauti, piga faili la toni ya hezi 400 toka kwenye flashi, maana multimita za bei rahisi juu ya hapo hazisomi vizuri. Kwa wati 50 kwenye omu 4 unatafuta volti 14.1 za AC kwenye matundu ya spika ya amp, zungusha geini (kile cha kuongeza nguvu kwenye amp) mpaka ifike hapo, acha. Rudisha spika, HPF weka hezi 80 ili milango isihangaike na besi za chini kabisa.

Alafu ule ucheleweshaji. Usukani wetu uko kulia, spika ya kulia iko karibu na wewe kuliko ya kushoto, sauti inafika mapema na mwimbaji anaonekana kakaa kwenye goti lako. Sauti inatembea kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwaiyo pima kwa futikamba toka kichwani mpaka kila spika, ikitofautiana sentimita 40 chelewesha ya kulia milisekunde 1.2 hivi. Mimi nilivyobonyeza hicho kitufe mara ya kwanza mwimbaji alihama akakaa katikati ya dashibodi, nikarudia wimbo uleule mara sita. Na nyimbo zenyewe zisiwe zile zilizotumwa kwa WhatsApp mara kumi, twita mpya zitakuonyesha uchafu wote.

Sabufa ukiipata baadae inatosha inchi 10 moja kwenye boksi lililofungwa la lita 20 hivi, chaneli mbili za nyuma za amp ileile ziunganishwe pamoja kuisukuma, ila soma kwanza kwenye amp inaruhusu omu ngapi ikiunganishwa hivyo, nyingi zinataka 4. LPF, kichujio kinachopitisha besi za chini tu, hezi 80. Boksi lifunge kwa mikanda kwenye sakafu ya buti na uache nafasi ya kutoa tairi ya akiba, waya zake weka plagi ya kuchomoa, ili ile siku unataka kwenda kukimbiza gari unalishusha nyumbani kwa dakika mbili na kuondoka na milango yako tu.