Kuomba bima ilipie chanjo ya mzazi wako Lubumbashi: karatasi kwanza, sindano baadaye

Mama yangu ana miaka 68 na kisukari. Mwaka jana, baridi ya Juni ilipoanza kuuma, nilimlipia chanjo ya mafua kwa pesa yangu, nikapeleka fakitire (ankara ya malipo) kwenye bima ya kazini. Dada wa gishe, dirisha la huduma, aliigeuza mara mbili.

"Mama eko mugonjwa?"

"Hapana, eko muzima."

"Sasa tutalipa nini?"

Sikurudishiwa hata faranga moja. Mwaka huu wamelipa ya mafua na ya nimonia pia, bima ileile, gishe lileile. Kilichobadilika ni mpangilio wa karatasi.

Ukiwa na mzazi mstaafu, watu watakutuma CNSS, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Kongo. Usiende. Sheria ya 2016 inaipa pensheni, posho za familia, na ajali na magonjwa ya kazini. Matibabu ya kawaida hayamo, sembuse chanjo. Kituo cha afya cha mtaani nacho kina chanjo za bure, ila ratiba yake ni ya watoto wachanga na wajawazito. Mama alipanga mstari na vitoto vinavyolia mpaka nesi akamwonea huruma.

Kwa hiyo ni bima ya kazi au mitiweli, yaani chama cha kuchangiana matibabu. Hakikisha kwanza mzazi yumo kwenye orodha ya watu wako. Kwangu mke na watoto waliingia wenyewe, mama nikamwongeza kwa kukatwa mshahara. Tazama jina herufi kwa herufi. Kadi ya mpiga kura ya mama inasema Ngoy, cheti changu cha kuzaliwa kinasema Ngoie, na kwa mashine ya bima hao ni wanawake wawili. Komini, yaani ofisi ya manispaa, ilinipa karatasi ya kuthibitisha kwamba ni mtu mmoja. Ilichukua siku nne, moja kati yake ikiwa ya kumsubiri mwenye mhuri arudi kutoka msibani.

Sasa mahali pesa yangu ilipozama. Kwenye mkataba, matibabu yana ukurasa wake na kinga ina ukurasa wake. Wa kinga ni mfupi, uko nyuma, na unadai kibali kabla ya huduma. Ukishachomwa, kibali hakitolewi tena, hata uwaletee mkono wa mama wauone. Usiulize kama "wanalipia chanjo", maana jibu litategemea nani amekaa gisheni siku hiyo. Omba wakuonyeshe ukurasa wa kinga, upige picha, halafu uombe fomu ya kibali.

Fomu hiyo haiendi bila barua ya daktari aliye kwenye orodha ya bima. Daktari wangu aliandika "chanjo" tu, barua ikarudi. Iandikwe umri wa mzazi, ugonjwa alionao (kisukari, moyo, pumu), jina kamili la chanjo na idadi ya dozi. Idadi ndiyo ina mtego: ya mafua hurudiwa kila mwaka, ya nimonia inaweza kuwa dozi moja au zaidi kulingana na aina, na ya hepatitisi B kwa kawaida ni tatu, mwezi wa 0, wa 1 na wa 6. Kibali kikitaja dozi moja, utaanza upya kwa kila moja.

Anza Machi au Aprili. Na ukiipata ya mafua, soma tarehe kwenye boksi: nyingi zinazotengenezwa kwa ajili ya baridi ya Ulaya huisha muda katikati ya mwaka, wakati sisi huku ndio tunatafuta makoti. Ichomwe palepale inapohifadhiwa. Chanjo hizi zinataka nyuzi 2 hadi 8, na umeme wetu tunaujua. Usikubali kuibeba mfukoni kutoka famasi hadi kliniki. Mimi niliibeba.

Kama mama anavuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa, chanjo ya homa ya manjano ni habari nyingine. Mwenye miaka 60 kwenda juu ambaye hajawahi kuchomwa aamuliwe na daktari, kwa kuwa madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi watu wa umri huo. Aliyekwisha kuchomwa asikubali kurudia eti kadi imepita miaka 10: tangu Julai 2016 kadi hiyo ni ya maisha.

Fakitire iandike jina la chanjo na namba ya toleo lake, si "sindano 1". Kliniki ikikubali kibali moja kwa moja, hutoi kitu. Ukilipa mwenyewe, utatoa dola safi isiyo na kovu na kurudishiwa faranga kwa bei ya kubadilisha wanayoijua wao. Kadi ya chanjo ipige picha kwa simu kabla mama hajaificha ndani ya Biblia.