Somo: Kudhibiti PCOS kwa chakula, mazoezi na virutubisho, hatua kwa hatua

Ndugu zangu, PCOS ni hali ambayo homoni za kiume huzidi katika mwili wa mwanamke, mayai hayapevuki kwa utaratibu, na mara nyingi ovari huonekana zikiwa na vifuko vidogo vingi. Humpata takriban mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Haina dawa ya kuiondoa moja kwa moja, lakini inadhibitika, na nimezipanga hatua zifuatazo kwa makusudi, kwa sababu wengi wetu huanzia kwenye vidonge vya bei kubwa ilhali hata vipimo havijafanyika.

Hatua ya kwanza: Vipimo
Utrasaundi peke yake haitoshi. Kwa mtu mzima, daktari hutafuta walau mambo mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi (katika damu, au zinazojidhihirisha kwa ndevu na chunusi sugu), na ovari zenye vifuko vingi. Tezi ya thairoidi na homoni ya prolaktini nazo zipimwe, kwa kuwa zikivurugika huweza kukatisha hedhi vilevile. Omba na sukari ipimwe, hasa kwa kile kipimo cha kunywa gramu 75 za glukosi na kuchukuliwa damu tena baada ya saa mbili. Wengi wenye PCOS wana usugu wa insulini, yaani mwili hauitikii ipasavyo insulini, homoni inayoshusha sukari katika damu, hivyo kongosho huzalisha nyingi zaidi, na insulini hiyo huzichochea ovari kutengeneza homoni za kiume. Ngozi nyeusi na nene kidogo nyuma ya shingo na kwapani mara nyingi ni dalili yake. Inasikitisha kuona binti akiisugua kwa dodoki na ndimu mpaka ichubuke, akiambiwa haogi vizuri, wakati chanzo kiko ndani ya mwili.

Hatua ya pili: Chakula
Hulazimiki kuacha ugali. Nusu ya sahani iwe mboga kama mchicha, matembele au kisamvu. Robo iwe maharage, choroko, dagaa, samaki au mayai. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali au wali, na dona ni bora kuliko sembe. Soda, juisi za sukari, na ile chai tamu ya asubuhi yenye maandazi matatu ndivyo vya kupunguza kwanza. Mwenye uzito uliozidi akipunguza hata asilimia 5, yaani kilo 4 kwa mwenye kilo 80, hedhi yake inaweza kuanza kurejea.

Hatua ya tatu: Mazoezi
Lenga walau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi, pamoja na mazoezi ya misuli mara mbili kwa wiki, kwa kuwa msuli unaofanya kazi hutumia sukari hata pale insulini inapositasita.

Hatua ya nne: Virutubisho
Inositoli, kirutubisho kinachouzwa kwa lengo la kusaidia mwili kuitikia insulini, hutumiwa sana kwa kipimo cha gramu 2 mara mbili kwa siku. Haina madhara makubwa, lakini ushahidi wa manufaa yake bado ni mdogo, kwa hiyo usiinunue kwa fedha ya chakula. Vitamini D itumie ikiwa vipimo vimeonyesha upungufu. Anayetafuta mimba ameze mikrogramu 400 za asidi ya foliki kila siku; hiki ndicho ambacho ningekitanguliza. Anayetumia metformini, dawa ya kushusha sukari ambayo wenye PCOS pia hupewa, kwa muda mrefu apimwe vitamini B12, kwa sababu dawa hiyo huweza kuipunguza. Bayotini, ile vitamini inayouzwa kwa ajili ya nywele, huweza kupotosha majibu ya thairoidi, hivyo wajulishe watu wa maabara. Dawa za “kusafisha kizazi” zisizoandikwa kilichomo ndani siziungi mkono hata kidogo.

Hatua ya tano: Kalenda
Andika tarehe ya kila hedhi. Zikipita siku 90 bila hedhi, nenda hospitali. Utando wa ndani wa mfuko wa uzazi ukijijenga kwa muda mrefu bila kutoka, hatari ya saratani huongezeka, na daktari anaweza kuuzuia kwa dawa.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo dada. Natumia metformini, je, ninaweza kuongeza unga wa uwatu?
Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Uwatu wa kuungia mchuzi hauna tatizo. Ukiutumia kwa wingi kama dawa huweza kushusha sukari, kwa hiyo mjulishe daktari kwanza, na ukipata mimba uache.

Swali: Nina kilo 52 na nimeambiwa nina PCOS. Nami nipungue?
Jibu: Hapana. Wembamba nao huipata. Zingatia aina ya chakula na mazoezi ya misuli, wala usijinyime kula.

Swali: Natumia inositoli na sijaona hedhi miezi mitano. Niendelee kusubiri?
Jibu: Usisubiri, dada yangu. Pima mimba leo, na kama haipo, nenda hospitali wiki hii.

Swali: Mke wangu ana PCOS na tunatafuta mtoto mwaka wa pili sasa. Tufanyeje?
Jibu: Kaka, nendeni wote wawili. Yeye anaweza kupewa letrozoli, ambayo kwa kawaida ndiyo dawa ya kwanza ya kupevusha mayai kwa wenye PCOS, na wewe upimwe mbegu kabla hajaanza kuimeza.