Jinsi ya kuizoesha pua inuse tena baada ya mafua makali au korona

Kama mafua yameisha ila pua haisikii harufu na wiki zinapita tu, usikate tamaa, kuna mazoezi ya kufanya hapohapo nyumbani. Mtafiti Thomas Hummel na wenzake wa Dresden, Ujerumani, waliyapima wakayachapisha 2009: harufu nne, asubuhi na jioni, wiki 12.

Harufu zenyewe ni waridi, limau, karafuu na mkaratusi. Huku pwani vyote vinapatikana bila shida, marashi mawardi, ganda la limau lililokwaruzwa, karafuu za kuponda, majani ya mkaratusi. Kila kimoja kitie kwenye kikopo chake chenye mfuniko.

Fungua kimoja, nusa taratibu kidogokidogo kama sekunde 10, na akili iwe hapohapo, ikumbuke karafuu ilivyokuwa inanukia kwenye pilau. Alafu funga, pumzika kidogo, ndo uende kingine.

Hapo kwenye kupumzika watu wengi wanaparuka na mi naona ndo penyewe. Juu kabisa ndani ya pua kuna seli za neva zenye vinywele vilivyozama kwenye ute, vinywele hivo vina vipokezi, binadamu tuna aina kama 400 na kila seli inachagua aina moja tu. Eujenoli, yaani kemikali inayoipa karafuu harufu yake, ikinasa kwenye kipokezi, kinaamsha protini G, protini ya kupokezana ujumbe ndani ya seli, nayo inaamsha kimeng'enya kinachotengeneza saikliki AMP, kemikali ndogo ya kusambaza ujumbe huo, hiyo inafungua vimilango vya seli, kalsiamu inaingia, kloraidi inatoka, umeme unaenda zake ubongoni. Sasa kalsiamu hiyohiyo ndo inageuka kuvibana vile vimilango, na ni sababu mojawapo ukikaa na karafuu puani muda mrefu unaacha kuisikia. Kwahiyo kunusa mfululizo hakukusaidii, ipe seli nafasi ijirudi.

Na usiache wiki ya tatu eti huoni kitu. Seli hizi zinakufa na kuzaliwa upya maisha yote, neva nyingi mwilini haziwezi hivo, ila seli mpya lazima iote mkia wake mpaka ifike ubongoni, inachukua muda jamani. Andika kwenye daftari kila wiki unachosikia, hata kama ni kidogo sana.

Usidondoshee mafuta yoyote ya harufu hizi puani, yanaunguza. Mtungi wa gesi mwachie mwingine aukague, pua yako kwa sasa usiiamini. Na kama harufu ilipotea baada ya kuumia kichwa, au tundu moja tu limeziba na linatoa damu, muone kwanza daktari wa masikio, pua na koo.