Kadi ya memori haionekani kwenye emuleta? Anza na hili
Wenzangu mnaojaribu programu za simu kwenye emuleta ya Android (programu ya kompyuta inayoiga simu), sikieni. Jana hapa Sinza nilipoteza mchana mzima: programu inasema hakuna kadi, nami nafukua msimbo wangu mstari kwa mstari. Kumbe emuleta nyingine ilikuwa wazi nyuma, imeshikilia faili lilelile la kadi (kadi ya emuleta ni faili tu kwenye kompyuta). Ya pili huwaka, ila bila kadi, na onyo hupita upesi kwenye skrini nyeusi ya amri.

Kila emuleta itengenezeeni faili lake, lisipungue MB 9, kwa amri hii ya zana za Android (512M ni ukubwa, kadi2.img ni jina la faili):

mksdcard 512M kadi2.img

Kisha iwasheni emuleta kwa kuongeza -sdcard kadi2.img kwenye amri ya kuiwasha. Na kadi hiyo ni FAT32, mfumo wa kupanga mafaili usiokubali faili moja kufika GB 4, kwa hiyo video ya GB 5 haiingii hata mkiongeza ukubwa.