Kabla hujainua hiyo gari, pima kilo kwanza

Nikiegesha Prado yangu mahali, iwe petroli stesheni ama hapo kwa nyama choma, lazima mtu aje ainame achungulie chini halafu aulize, "Boss, hii umeinua inchi ngapi?" Sijawahi sikia mtu akiuliza imewekewa springi za kubeba kilo ngapi. Na hapo ndipo watu wengi hutupa pesa, kwa sababu seti ya kuinua gari hainunuliwi kwa inchi, inanunuliwa kwa uzito, inchi zinakuja zenyewe.

Najua hivyo juu mimi mwenyewe nilianza vibaya. Hii yangu ni Prado 120, zile za kati ya 2002 na 2009, na nilipoinunua nilikuwa na haraka ya kuiona iko juu, nikaipeleka gereji fulani wakaniwekea spesa, vile vyuma vya mviringo vinakaa kichwani mwa shoki ya mbele kati yake na chesisi. Bei ilikuwa tamu, kazi ikaisha kabla ya lanchi, gari ikasimama kama imeona nyoka. Kitu sikuambiwa, na pia sikuuliza, ni kwamba kwa suspensheni ya mbele ya Prado spesa ya inchi moja inainua gari karibu inchi mbili, kwa vile shoki haijashikwa mwisho wa mkono wa suspensheni pale kwa tairi, imeshikwa katikati. Mimi niliwekewa ya inchi moja na nusu. Fanya hesabu.

Wiki tatu baadaye tukaenda Mlima Suswa. Kupanda ilikuwa raha tupu. Kushuka, nikikata kona, nikaanza kusikia ka-ka-ka-ka upande wa kushoto mbele, nikasimama nikaingia chini na tochi ya simu. Ile buti ya raba inayofunika sivi jointi (kiungo cha shafti inayozungusha tairi ya mbele) ilikuwa imepasuka kwenye mikunjo, grisi nyeusi imerushwa rimu yote kwa ndani, na juu ya grisi vumbi la Suswa, na hilo vumbi unalijua, ni kama unga, linaingia hata kwa chupa ya maji imefungwa. Shafti ilikuwa imelala vibaya sana juu difu, lile donge la gia linalogawa nguvu kwa tairi, mbele imefungwa kwa chesisi ikapanda na gari, lakini tairi zimebaki palepale chini, kwa hivyo mikunjo ya buti ilikuwa inasuguana kila mzunguko. Tukarudi pole pole hadi Mai Mahiu nikiwa nimenyamaza, na bibi yangu amenyamaza zaidi.

Basi sasa ukitaka kuchagua seti, anza na gari yenyewe ikoje chini. Ziko aina mbili kubwa. Kuna zenye ekseli nzima mbele, kama Land Cruiser 80, zile 70, na Suzuki Jimny, na kuna zenye kila tairi ya mbele inacheza kivyake, kama Prado 90, 120, 150 na Hilux za miaka hii. Za ekseli nzima unaweza kwenda juu kiasi bila kuvunja kitu, mradi urekebishe pembe za steringi. Hizi zingine, inchi mbili ndiyo mwisho wa amani. Ukivuka hapo unaanza kununua apa-ami mpya (mikono ya juu ya suspensheni) kwa sababu boli jointi (viungo vyake) za kawaida zimefika mwisho na alaimenti haiingii, unashusha difu na mabano, na hesabu inaendelea. Mimi msimamo wangu ni huo tu, inchi mbili, na nimeenda kila mahali nilitaka kwenda.

Halafu kilo. Hapa ukae chini na kalamu, usikadirie kwa kichwa. Bulba ya chuma (ile bampa nzito ya kukinga mbele) pamoja na winchi inaweza kukaribia kilo 100, na zote zinakaa mbele kabisa puani. Jerikeni ya maji ya lita 20 ni kilo 20, hilo halina mjadala, ya dizeli ni kama 17. Karia ya juu, hema la juu, betri ya pili, friji, droo za mbao ulizotengenezewa na fundi wa jua kali kwa mbao nzito kuliko kitanda chako. Zote andika. Ama fanya vile nilifanya mara ya pili, niliipakia gari kama tunasafiri nikaipeleka kwa mizani ya binafsi ile ya malori huko Industrial Area, nikapima ekseli ya mbele peke yake kisha ya nyuma peke yake. Dakika kumi hivi, na nikajua kitu kimoja ambacho sikuwa nakitarajia, kwamba nyuma nilikuwa mzito lakini mbele sikuwa, kwa vile sina bulba.

Kwa nini hiyo ni muhimu? Kwa sababu watengenezaji wa maana, hawa Waaustralia kama Old Man Emu, Dobinsons, Ironman na Tough Dog, hawauzi springi moja ya Prado. Wanauza kadhaa, kila moja na kiwango chake cha mzigo, nyepesi, ya kati, nzito, mbele na nyuma kivyake. Na mzigo wanaomaanisha ni ule wa kila siku, ule uko kwa gari Jumatatu asubuhi ukienda kazi. Si ule wa Desemba mkienda ushago watu saba na mkirudi na magunia mawili ya viazi na ndizi juu. Ukinunua springi nzito kwa ajili ya safari mbili za mwaka, siku zingine 350 utakuwa unarukaruka. Mimi nilinunua nyuma nzito, ujue, nikidhani nzito ni nguvu. Nikambeba mama Jumapili kumpeleka kanisa, tukapita matuta ya estate, akashika ile hendo ya juu na mikono miwili akaniambia, "Wee kijana, hii ni gari ama ni punda?" Nikasema pole mama. Jumatano nilikuwa nazirudisha dukani kubadilisha na za kati.

Kwa ule mzigo wa Desemba kuna puto za hewa zinaingia ndani ya koili ya nyuma, unazijaza kwa pampu ya petroli stesheni kabla ya safari na unatoa hewa ukifika. Rahisi na zinasaidia. Lakini elewa kitu kimoja, hakuna springi wala puto inaongeza uzito gari imeruhusiwa kubeba. Ile namba ya kiwanda inabaki ileile, breki na chesisi na bearingi ni zilezile, gari kuacha kulala nyuma haimaanishi imekuwa lori.

Kama Prado yako ilitoka Japani na puto za kiwandani nyuma (utaona swichi ya kupandisha na kushusha), ama ni 150 yenye KDSS (mfumo wa Toyota wa oili unaozuia gari kulala kwa kona), mwambie muuzaji mapema kabla hujalipa chochote. Seti ya kawaida haikai vizuri hapo, na kuna watu wamefika gereji, gari imefunguliwa yote, ndio wanagundua.

Shoki sasa. Watu humaliza pesa kwa springi halafu wanabakisha shoki za zamani, na hiyo ni makosa mara mbili. Kwanza, shoki ya urefu wa kiwandani kwa gari iliyoinuliwa inafika mwisho wa kunyooka haraka, unaisikia to! kila tairi ikiingia shimo. Pili, springi ngumu inahitaji shoki ya kuituliza, la sivyo inakuwa trampolini. Kwa hivyo nunua vyote vya kampuni moja, vilivyopangwa kwenda pamoja. Aina gani? Kama maisha yako ni Ngong, Kiserian, Magadi, kurudi nyumbani jioni, shoki ya gesi ya kawaida inatosha kabisa. Kama unaenda Marsabit halafu Loiyangalani, kule barabara ni mawimbi kama bati kwa masaa, hapo kitu kinaua shoki ni joto. Oili inachemka, inachanganyika na gesi, inakuwa povu, na povu haizuii kitu, unahisi gari imeanza kuelea. Hapo ndio zile shoki nene zenye oili nyingi ama zile za ndani foamu zinalipa bei yake. Na upunguze hewa kwa tairi na ushuke spidi, hiyo ni bure.

Nikigusia tairi, nikwambie kitu ambacho hakuna muuzaji wa seti ataanza nacho. Kuinua suspensheni hakuinui difu ya nyuma hata milimita moja. Bodi inaenda juu, bampa haigongi haraka, tumbo la gari linapita vizuri, lakini lile donge la difu ya nyuma linabaki umbali uleule kutoka chini. Kinachoinua difu ni tairi kubwa peke yake, na inainua nusu tu ya tofauti. Mfano, Prado nyingi zinakuja na 265/65R17, kipenyo chake ni kama milimita 776. Ukiweka 265/70R17 unapata kama 803. Tofauti 27, kwa hivyo difu imepanda kama 13, upana wa kidole. Na mita ya spidi inaanza kukudanganya, ikisema 100 wewe uko 103 na kitu, kumbuka hiyo ukipita watu wa kamera. Kwangu mimi hizo milimita 13 pamoja na inchi mbili za springi zilibadilisha gari kuliko zile inchi tatu za spesa.

Wenye Forester, Fielder na Probox msikasirike, spesa kwenu si dhambi. Ya inchi moja hivi, iliyochongwa vizuri na bolti ndefu za kutosha, na alaimenti baada, inawatoa kwa matuta ya barabara ya murram na maisha yanaendelea. Tatizo ni tamaa.

Kwa wale wa ekseli nzima, Jimny na 80, kitu cha kuulizia ni kasta, ile pembe ya kulala ya steringi. Fikiria foku ya mbele ya pikipiki, imelala mbele kidogo, ndio maana ukiachilia usukani inajinyoosha. Ukiinua gari ile mikono inayoshika ekseli inaizungusha, ile pembe inapungua, na gari inaanza kutangatanga ukiwa Mombasa Road na lori pembeni. Dawa ni bushi maalum (zile raba za kwenye maungio ya mikono) zilizotobolewa nje ya katikati, ama mabano ya kurekebisha. Seti nzuri inakuja nazo ama muuzaji anakwambia uziongeze. Panadi rodi pia, kile chuma kinachoshika ekseli isisogee pembeni, usipoirekebisha ekseli inasogea upande mmoja, ukisimama nyuma ya gari unaona tairi ya huku imetokeza nje ya fenda na ya kule imejificha.

Na breki jameni. Paipu za raba zifike bila kuvutika tairi ikining'inia, hiyo mtu anaona kwa macho. Lakini Toyota za zamani, hasa pikap, zina valvu ya breki nyuma iliyounganishwa na ekseli kwa kafimbo ka chuma. Ukipakia, bodi inashuka, kafimbo kanasukuma, breki za nyuma zinapewa nguvu. Ukiinua gari bila kukarekebisha, valvu inadhani gari iko tupu siku zote, hata ukiwa na tani ya mawe nyuma. Muulize fundi wako atafanya nini na hiyo kitu. Akikuuliza "kitu gani?", mshukuru, uondoke.

Kununua, Kirinyaga Road utapata kila kitu na pia feki ya kila kitu. Kipimo changu ni maswali. Muuzaji ambaye hajakuuliza una bulba ama hapana, unabeba nini, enjini ni dizeli ama petroli (dizeli ni nzito mbele), huyo anakuuzia chenye kimekaa stoo muda mrefu. Angalia namba kwa springi zenyewe, si kwa boksi, na ujue kwa seti nyingi ya dereva na ya abiria hazilingani urefu. Fundi akizichanganya gari italala upande na utalaumu kampuni bure. Na usichukue mfano kwa gari za Rhino Charge, yale mashindano ya gari porini. Zile zinatafuta vituo 13 kwa masaa 10 kwa umbali mfupi iwezekanavyo, zinapita juu ya mawe na korongo, na nyingi hufika huko zikiwa juu ya lori. Wewe Jumatatu uko Waiyaki Way.

Siku ya kufunga, kaa hapo. Pima kabla, kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, tairi zote nne, gari ikiwa kwa sakafu iliyonyooka. Halafu kuna jambo moja nililigombania na fundi wangu, mzee ana miaka mingi kwa hiyo kazi kuliko mimi. Alitaka kukaza bolti zote za bushi gari ikiwa juu ya jeki. Nikamwambia, "Mzee, samahani, hizi tukaze ikiwa chini." Akanitazama. "Kwani wewe ndiye fundi?" Nikamweleza kwamba raba ya bushi ikikazwa mkono ukining'inia, gari ikishuka raba inabaki imejinyonga, inachanika mapema na gari inakataa kukaa chini vizuri. Akanyamaza kidogo akasema, "Shusha." Tukaishusha, tukaisukuma mbele nyuma itulie, akaingia chini akakaza zote akiwa amelala, akitusi kidogo.

Ukitoka hapo alaimenti siku hiyohiyo, na taa za mbele zishushwe juu sasa zinapiga watu macho. Mpigie mtu wako wa insurance umwambie umebadilisha nini. Baada ya kilomita kama 1,000 rudi ukazwe tena, hasa yu-bolti (zile zinazofunga springi kwa ekseli) kama una springi bapa nyuma, na upime tena zile sehemu nne. Springi mpya hushuka kidogo ndio zitulie. Zangu nimeziandika kwa maka pen nyuma ya sanvaiza ya dereva, safu tatu, kabla, siku ya kwanza, na baada ya kilomita 1,000, na ya kushoto nyuma, upande ambao kuna betri ya pili na jerikeni ya maji, imeshuka milimita 6 kuliko ya kulia.